Kula Kabla ya Kulala: Misuli Ijengeke, Kitambi Kisirudi

Wengi wanaonyanyua vyuma wameambiwa kwamba chakula cha usiku hugeuka mafuta moja kwa moja. Wengine wameambiwa kinyume chake, kwamba ukilala tumbo tupu mwili utaila misuli yako hadi alfajiri. Kauli zote mbili zimetiwa chumvi, na zote zina hasara. Anayeamini ya kwanza hulala na njaa na kukosa protini ambayo angeweza kuipata. Anayeamini ya pili huongeza mlo juu ya siku iliyokwisha kujaa, kisha kiuno kinapanuka haraka kuliko kifua.

Mafuta huongezeka pale kalori zinazoingia zinapozidi zinazotumika, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya takribani kalori 7,700. Bakuli moja la mtindi haliwezi kukufikisha huko. Lakini kalori 250 za ziada kila usiku, zisipopunguzwa kwingineko, ni kalori 7,500 kwa mwezi. Kwa hiyo kabla ya kuitazama saa, jiulize chakula hicho umekikata kutoka mlo gani.

Piga hesabu ya protini ya siku nzima kwanza

Kwa mtu mwenye afya anayefanya mazoezi ya uzito, gramu 1.6 hadi 2.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake zinatosha kwa siku. Mwenye kilo 75 akishika 1.8 anahitaji gramu 135. Tuseme amekula gramu 30 asubuhi, 40 mchana na 35 jioni. Hizo ni 105. Zimebaki 30, na hapo ndipo mlo wa kabla ya kulala unapokuwa na kazi ya kufanya. Aliyefikisha 135 kwenye milo mitatu hana pengo la kuziba. Anaweza kwenda kulala bila wasiwasi. Mwenye mafuta mengi mwilini apige hesabu kwa uzito anaoulenga, la sivyo atajipangia protini nyingi kuliko anayoweza kula kwa raha.

Mwenye ugonjwa wa figo asiguse viwango hivi kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari naye aulize kwanza, kwa sababu kubadili mlo wa usiku, kwa kuuongeza au kuuondoa, kunaweza kuvuruga sukari akiwa usingizini.

Utafiti upo, na unafaa kusomwa kwa makini. Mwaka 2012 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwapa vijana gramu 40 za kaseini, protini kuu ya maziwa, kabla ya kulala, baada ya mazoezi ya jioni. Protini ile ilisagwa na kufyonzwa usiku vizuri, na ujenzi wa misuli ukaongezeka wakiwa wamelala. Mwaka 2015 ukafuata utafiti wa wiki 12: waliokunywa gramu 27.5 za protini na gramu 15 za wanga kila usiku waliongeza nguvu na misuli kuliko waliokunywa kinywaji kisicho na kalori. Matokeo hayo hunukuliwa sana, ila jambo moja huachwa nje: kundi lililokunywa protini lilikuwa linakula protini nyingi zaidi kwa siku nzima. Kwa maoni yetu, usiku ni nafasi nzuri ya kujazia kilichopungua mchana. Nguvu ya ajabu haimo ndani ya saa yenyewe.

Kiasi gani, na chakula gani

Lenga gramu 30 hadi 40 za protini ndani ya kalori 150 hadi 250. Uwiano huo ndio unaowashinda wengi, maana vyakula vinavyosifiwa kuwa na protini mara nyingi vimebeba mafuta mengi zaidi.

Mtindi mzito uliochujwa, usio na sukari wala mafuta, ndio tunaoupendekeza kwanza. Weka bakuli juu ya mizani ya jikoni, irudishe kwenye sifuri, tia mtindi gramu 200. Hapo una protini gramu 20 hivi na kalori 120. Rudisha sifuri tena, ongeza gramu 15 za unga wa protini na ukoroge taratibu, ukianzia katikati ukienda pembeni ili unga usirushwe nje. Jumla inafika gramu 32 na kalori 180. Ukiona umekuwa mgumu kama udongo wa kufinyanga, ongeza vijiko viwili vya maji. Unga wa kaseini hasa hunywa maji mengi.

Anayependelea kinywaji achukue mililita 300 za maziwa yaliyoondolewa mafuta na gramu 30 za unga wa protini. Atapata gramu 34 na kalori 225 hivi. Maziwa yatangulie kwenye chupa, unga ufuate. Ukianza na unga, hushika chini na kufanya mabonge yasiyovunjika hata utikise vipi. Asiyetumia unga ana mayai: mawili mazima na ute wa mengine matano hutoa gramu 30 kwa kalori 230. Ukila mazima matupu, gramu 30 zinataka mayai matano na kalori zaidi ya 350. Samaki wa kopo aliyehifadhiwa kwenye maji, au kifua cha kuku gramu 100 kilichopikwa bila ngozi, navyo vinafaa kabisa. Maharage ni chakula kizuri, ila yaliwe mchana. Kupata gramu 30 kunahitaji sahani kubwa, na gesi yake itakunyima usingizi.

Maziwa yanasifiwa usiku kwa sababu asilimia 80 hivi ya protini yake ni kaseini, ambayo huganda ikikutana na asidi ya tumbo na kuachia amino asidi, yaani vijenzi vya protini, polepole kwa saa kadhaa. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini usinunue kopo la bei kubwa kwa ajili yake tu. Nyama, mayai na whei (protini ile nyingine ya maziwa) vikiliwa kwa kiasi cha kutosha vitafanya kazi.

Karanga zinahitaji onyo la peke yake. Ili upate gramu 30 za protini kwenye karanga tupu utakula kalori zaidi ya 650. Siagi ya karanga ni mtego mkubwa zaidi: kijiko kikubwa kilichosawazishwa ni gramu 16 na kalori 95 hivi, lakini kijiko ambacho watu huchota kweli, chenye kilima juu, hufika gramu 30 na zaidi. Umeandika 95, umekula karibu 190. Ukiitaka, pima kwa mizani na si kwa jicho, na ukishapima funga kopo, kijiko kiende kwenye sinki.

Wanga haukatazwi. Kama umemaliza mazoezi saa mbili usiku, gramu 30 au 40 za wanga, kwa mfano ndizi moja kubwa, hazina tatizo mradi zimo kwenye hesabu ya siku.

Usingizi usiharibike

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mdogo uliofanywa Chicago kwa watu kumi wenye uzito uliozidi, wakila kalori za kupunguza mwili kwa siku 14. Walipopewa saa 8.5 za kulala walipoteza mafuta kilo 1.4, walipopewa saa 5.5, kilo 0.6 tu. Uzito walioupoteza kwa jumla ulikaribiana, lakini wakati wa usingizi mfupi sehemu kubwa ilitoka kwenye mwili usio mafuta, misuli ikiwemo. Mlo wa usiku ukikuamsha mara mbili au tatu umepoteza ulichokitafuta.

Mlo mkubwa uishe saa mbili hadi tatu kabla ya kulala. Kitafunwa kidogo cha protini kinaweza kuliwa nusu saa au saa moja kabla. Ukilala tumbo limejaa, asidi hupanda kirahisi kwenye umio, na mafuta huzidisha kwa kuchelewesha chakula kutoka tumboni. Kiungulia kikikusumbua, punguza mafuta ya mlo huo, lalia ubavu wa kushoto, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii sana. Hukunja tumbo na kulibana. Kiungulia cha kila wiki kinahitaji daktari.

Soma pia lebo ya unga. Wenye ladha ya kahawa mara nyingi una kafeini, na unga wa kuchangamsha kabla ya mazoezi huwa na nyingi zaidi. Nusu ya kafeini huchukua takribani saa tano kutoka mwilini. Miligramu 200 za saa kumi na mbili jioni zimebaki 100 saa tano usiku. Pombe nayo hukatakata usingizi na kupunguza ujenzi wa misuli, hata ukiwa umekula protini.

Njaa ya usiku wakati wa kupunguza mwili

Ukijikuta jikoni kila usiku ukila chochote, chunguza mchana wako kwanza. Mara nyingi asubuhi ilikuwa chai tupu, mchana ukabanwa kupita kiasi, na jioni mwili ukadai chake. Hamisha protini zaidi asubuhi na mchana, kisha tenga kalori 200 za usiku ndani ya hesabu ya siku, huku upungufu wa kalori 300 hadi 500 kwa siku ukibaki palepale. Kitafunwa kilichopangwa huzuia kile kisichopangwa. Shuka kwa asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito wako kwa wiki. Anayejenga misuli aongeze kalori 200 hadi 300 kwa siku, na uzito upande asilimia 0.25 hadi 0.5 tu kwa wiki. Zaidi ya hapo sehemu kubwa ni mafuta.

Mizani itakutisha siku za mwanzo. Chakula cha saa nne usiku bado kiko utumboni asubuhi, chumvi hushika maji, na kila gramu ya glaikojeni, yaani akiba ya wanga kwenye misuli na ini, huhifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Nusu kilo iliyoongezeka usiku mmoja si mafuta. Jipime kila asubuhi baada ya kutoka chooni, chukua wastani wa siku saba, na pima kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa wiki. Usibadilishe kitu kabla ya wiki mbili au tatu kupita. Kiuno kikizidi kupanuka huku vyuma unavyonyanyua vimesimama uzito uleule, ondoa kalori 150, ukianzia kwenye siagi ya karanga na wanga wa usiku. Protini iache ilivyo.