Jitu lako ni jepesi mno, na shujaa wako anahofia kisichomdhuru

Mkuu, umeuliza kwa nini jitu linalovuruga jiji katika filamu yako fupi linaonekana kama mtu aliyevaa sponji akirukaruka juu ya maboksi, na kwa nini watazamaji hawashtuki shujaa wako aliyepunguzwa kuwa kama sisimizi anapoporomoka kutoka begani mwa jitu hilo. Nilihangaika na mambo hayo hayo miaka michache iliyopita, pale mimi na binamu zangu tulipojenga mtaa mzima wa kadibodi sebuleni kwa mama mdogo huko Tanga. Kwa maoni yangu yote mawili yana mzizi mmoja: umebadilisha vimo, lakini uzito na mwendo umeviacha vilevile.

Tuanze na jitu. Tofali likidondoka kutoka juu ya jengo la mita 30 huchukua takriban sekunde mbili na nusu kufika chini, ilhali katika kielelezo kilichopunguzwa mara 25, ambacho kina mita 1.2 tu, hufika kwa nusu sekunde, na jicho la mtazamaji hutambua udanganyifu huo hata kama mwenyewe hawezi kueleza ameutambuaje. Dawa yake ni kurekodi kwa fremu 120 kwa sekunde, jambo ambalo simu nyingi za sasa zinaliweza, kisha kuonyesha kwa fremu 24, ili kila kitu kipungue kasi mara tano. Eiji Tsuburaya, fundi wa athari maalumu za filamu, alitumia mbinu ya namna hiyo huko Japani mwaka 1954, alipomfanya mtu aliyevaa vazi zito aonekane kuwa Godzilla, jitu la filamu lenye kimo cha mita 50. Kosa letu lilikuwa kumwambia binamu aliyevaa vazi atembee polepole, kwa kuwa majitu ni mazito. Tulipopunguza kasi ya picha alionekana kama mtu anayesinzia wima, tukalazimika kujenga upya maduka matatu aliyokwisha kuyakanyaga. Mwigizaji wako atembee kwa haraka, tena akanyage kwa kishindo. Kamera ndiyo itakayompa uzito.

Vumbi la unga wa ngano lilitufaa sana. Maji yalitusaliti, kwani tone halipungui kwa sababu umepunguza jengo: tone la milimita 4 karibu na kielelezo cha namna hiyo huonekana na upana wa sentimita 10, kama chungwa kubwa linaloruka hewani. Tangi letu la maji lililopasuka tuliliondoa kabisa kwenye filamu.

Maji hayohayo, hata hivyo, ndiyo yaliyomwokoa shujaa wetu. Galileo alikwisha kueleza mwaka 1638 kwamba umbo likikua au likipungua, uzito hubadilika kwa kasi kuliko eneo la uso wake. Mtu wa sentimita 170 na kilo 70 ukimpunguza mara 300 anabaki na kimo kisichofika milimita 6 na uzito wa miligramu 2.6 hivi, kwa hiyo hewa inamshika na anatua bila jeraha, kama sisimizi anayedondoka kutoka darini. Ndiyo maana mpwa wangu, aliyekuwa na miaka tisa, aliniuliza kwa nini shujaa anapiga kelele wakati wadudu huanguka kila siku na kuendelea na safari. Lakini mwanabiolojia J. B. S. Haldane alionyesha mwaka 1926 kwamba mtu anayetoka kuoga hubeba utando wa maji wenye uzito wa karibu nusu kilo, ambao kwake si kitu. Ukipiga hesabu kwa shujaa wako, huku unene wa utando ukibaki uleule kama lile tone, utando huo unazidi maradufu ya uzito wake mwenyewe.

Kwa hiyo tulifuta mandhari yote ya kuporomoka, tukampandisha shingoni mwa jitu wakati wa adhuhuri, mahali jasho linapotiririka. Tulipaka shingo ya binamu gliserini, ambayo hukaa kwa matone bila kukauka chini ya taa, tukamtengeneza shujaa kwa waya mwembamba wa shaba, na tukabana lenzi ndogo ya kukuza mbele ya simu. Tone lilipomfunika hadi kiunoni, mpwa wangu aliacha kula karanga.