Maji yapite kwenye chombo kwanza

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Nyumbani kwako mnafanya nini, kwa njia rahisi, ili maji yasipotee?" Nimelisoma nikiwa nimekaa uani juu ya kigoda, mbele yangu madumu manane yamejaa, nikaona si swali la kulipita. Mimi ni mpangaji huku Mbagala, Dar es Salaam. Tuko kaya sita katika nyumba moja. Uani tuna koki moja na choo cha kuchuchumaa, ndani kuna choo cha kuflashi, na mita ni moja. Ankara ikija, mama mwenye nyumba anaigawa kwa vichwa.

Jibu langu ni moja, na mengine yote yanatoka humo. Maji yapite kwenye chombo kwanza ndipo yatumike. Usifanye kazi yoyote chini ya koki iliyo wazi: usioshe vyombo, usipige mswaki, usifue, usichukue udhu. Kinga kwenye ndoo, kopo, beseni au birika, funga koki, kisha anza kazi yako. Koki haikuambii umetumia maji kiasi gani. Ndoo inakuambia, kwa sababu unaona inavyopungua na mkono wako wenyewe unaanza kupunguza.

Haya nimeyakuta kwa bibi yangu aliyenilea. Kwake Kisarawe maji yalikuwa ya kuteka, yakibebwa kichwani kutoka bondeni, na aliyeyabeba hahitaji kufundishwa thamani yake. Bibi alikuwa akitawadha kwa kopo moja dogo la bati, na halikuisha. Mtoto akimwaga ovyo wakati wa kutia udhu alimkumbusha hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vilivyokingwa pamoja, haufiki lita moja. Mudi nne ndiyo pishi, ile ile tunayopimia zakatul-fitri. Siku moja nilisimama pale penye koki ya uani nikakinga maji yangu yote ya udhu kwenye beseni huku koki ikiwa wazi kama nilivyozoea. Nilipoyapima kwa chupa ya lita moja na nusu yalijaza chupa nne na ushee. Udhu mmoja, zaidi ya lita 6. Tangu siku hiyo natumia birika.

Kuoga ni vilevile. Mdogo wangu anaishi Sinza, kwenye nyumba yenye shawa, naye alikuwa akisema maji ya shawa ni machache kwa kuwa yanatoka kwa vitundu. Nilipomtembelea tuliweka ndoo ya lita 10 chini ya ile shawa, tukatazama saa ya simu. Dakika moja na nusu haijafika, ndoo imejaa. Yeye anaoga dakika kumi. Piga hesabu: ni zaidi ya lita 65, madumu matatu na kitu, na mimi huku naoga kwa nusu dumu nikatakata. Sikumwambia aache shawa yake. Nilimwambia ajimwagie, afunge, ajipake sabuni na kujisugua bila haraka, kisha afungue kujisuuza. Anafanya hivyo mpaka leo.

Kufua ndiko maji mengi yanakokwenda kwenye nyumba ya watoto, na hapa nataka nieleze vizuri kwa sababu watu wengi hudhani tatizo ni wingi wa nguo. Mara nyingi tatizo ni wingi wa sabuni. Ukimimina sabuni ya unga nusu pakiti, povu linapanda mpaka nje ya beseni, unafurahi, halafu unasuuza mara nne na utelezi bado upo. Tia sabuni kidogo, loweka nguo nusu saa, uchafu utalegea wenyewe. Na kabla hujaitia nguo kwenye maji ya kusuuzia, ikamue kwelikweli. Nguo isiyokamuliwa inabeba maji ya sabuni, inayahamishia kwenye maji safi, na hapo unalazimika kuyamwaga kabla ya wakati. Nilipoanza kukamua hivyo kila hatua, kusuuza mara mbili kukanitosha.

Mimi natumia mabeseni matatu. La kwanza ni la sabuni, la pili la kusuuza, la tatu la kumalizia. Naanza na nguo nyeupe na za mtoto, zinafuata za rangi, mwisho suruali za jinzi na mashuka ya rangi nzito. Beseni la sabuni likichafuka, maji yake yanakwenda kusugulia choo cha nje na kibaraza. Beseni la pili, ambalo tayari lina sabuni kidogo, linachukua nafasi yake, la tatu linakuwa la pili, na maji mapya naweka kwenye beseni moja tu. Zamani rundo la Jumamosi lilikuwa linaniishia madumu tisa. Sasa ni matano, na siku ya matope ni sita.

Vyombo havina maneno mengi. Sufuria ya ugali ilowekwe mara tu ugali ukishapakuliwa, maana ukoko ukikauka utadai maji na mikono. Anza na glasi na vikombe, umalizie na masufuria yenye mafuta. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi, yanakwenda kwenye viroba vya mchicha. Maji ya sabuni siyapeleki kwenye mchicha. Hayo ni ya mgomba ulio nyuma ya bafu, ambao mama mwenye nyumba ameuchimbia shimo na kujaza majani makavu, nao umestawi kuliko migomba yote ya mtaa.

Sasa niseme habari ya maji yanayopotea bila mtu kuyatumia. Hii imenigusa sana, kwa kuwa ilikaribia kututenganisha.

Mwaka jana ankara moja ilikuja karibu mara mbili ya kawaida. Katika chumba cha tatu kulikuwa na mama kijana aliyejifungua, na maneno yakaanza: nepi hizo, anafua mchana kutwa, yeye ndiye alipe zaidi. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini alisikia. Nilimwona anaanza kufua usiku wakati watu wamelala. Roho iliniuma. Nikamwendea mama mwenye nyumba nikamwambia, "Mama, kabla hatujamlaumu mtu, naomba tuipime hii nyumba usiku mmoja."

Akakubali. Saa nne usiku tuliomba kila kaya iwe imeshakinga maji yake ya usiku na kufunga koki, na asitumie mtu choo cha ndani mpaka asubuhi. Tukaenda kwenye mita na tochi ya simu, mama ameshika kanga yake isiburuzike kwenye majani, mimi nimeinama kusoma. Mita zetu zina tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ni uniti kamili, na uniti moja ni lita 1,000. Nyekundu ni zile lita ambazo bado hazijatimia uniti. Katikati kuna kigurudumu kidogo chenye meno, na hicho huzunguka hata maji yakipita kidogo mno. Tulisimama pale, nyumba nzima kimya, koki zote zimefungwa, na kigurudumu kinazunguka. Polepole, lakini hakisimami. Mama akanishika mkono. Tukaandika tarakimu ukutani kwa chaki.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajagusa maji, tukasoma tena. Zilikuwa zimeongezeka lita 126. Kwa saa saba! Hiyo ni lita 18 kila saa, 432 kwa siku, karibu uniti 13 kwa mwezi, na hakuna hata mtu mmoja aliyezinywa, kuzioga wala kuzifulia.

Kulitafuta tundu hakukuhitaji fundi. Nilichukua bluu ya kufulia, nikaikoroga kwenye kikombe, nikaimimina kwenye tangi la choo cha ndani, tukafunga mlango. Nusu saa baadaye bakuli la choo lilikuwa na michirizi ya bluu, na hakuna aliyeflashi. Mpira wa chini ya tangi ulikuwa umekakamaa kwa uzee, haukai sawasawa, maji yanapita ukutani mwa bakuli bila sauti wala tone la kuonekana. Fundi bomba alikuja kuubadilisha tu, kazi ya dakika chache na mpira wa bei ndogo kutoka duka la vifaa. Mama mwenye nyumba alikwenda mwenyewe chumba cha tatu, akakaa chini kwenye mkeka, akasema, "Mwanangu, tusamehe. Fua mchana, jua linakausha nepi vizuri."

Kwa hiyo yeyote anayesoma hapa na ana mita, namwomba apime usiku huu huu. Ukikuta kigurudumu kinazunguka, anza na choo, kisha boya la simtanki, kisha koki zinazodondoka. Koki inayodondoka kwa kawaida huponywa kwa kubadilisha kile kimpira cha ndani. Kuikaza kwa nguvu kila siku ndiko kunakokimaliza upesi. Boya likichoka, simtanki humwagika usiku kwa juu, na ukiona ukuta chini yake umeota ukijani, ujue ndiko yanakopita. Na kama tangi la choo chako ni lile kubwa la zamani, lenye lita 9 au zaidi, jaza maji chupa ya lita moja, ifunge kifuniko, ilaze ndani mahali ambapo haitazuia boya. Kila ukiflashi umebakiza lita moja. Tofali usiweke, linamomonyoka na chenga zake huharibu mpira.

Thamani ya hizo lita tuliijua mwishoni mwa 2022. Ukame uliushusha Mto Ruvu, huo unaotoka milima ya Uluguru na kulinywesha sehemu kubwa ya jiji hili, tukaingia kwenye mgao. Kwetu dumu la lita 20 kwa wauza maji wa mikokoteni lilifika shilingi 500. Madumu 50 ndiyo uniti moja, kwa hiyo uniti moja ilikuwa shilingi 25,000. Zile uniti 13 zilizokuwa zikipita chooni kimya kimya, kwa bei ya mkokoteni, zingekuwa shilingi 325,000 kwa mwezi mmoja.

Tangu mgao ule tunakinga mvua. Hesabu yake ni nyepesi: mvua ya milimita moja juu ya bati la mita moja ya mraba ni lita moja. Upande wa paa letu unaomwaga uani una mita kama 30 za mraba, hivyo mvua ya milimita 20, ambayo masika ni ya kawaida, inaleta lita 600. Ukitoa yanayoruka nje ya gata, tunajaza mapipa mawili ya lita 200 na madumu juu. Mvua ya mwanzo baada ya kiangazi tunaiacha iende, maana inaosha vumbi na mavi ya ndege yaliyoko batini. Maji hayo si ya kunywa kwetu, ni ya kufua, kupiga deki na chooni. Ya bomba tunayaweka kwa jiko na kunywa, nayo tunayachemsha.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo kwa kila anayehifadhi maji: funika. Dengi ilisumbua jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda maji masafi yaliyotulia, yaani pipa lako na ndoo yako, wala si mtaro. Sisi tunafunga kipande cha chandarua kikuukuu kwenye mdomo wa pipa kwa mpira wa baiskeli, maji ya gata yanapita na mbu hapiti. Kila juma tunamaliza pipa moja na kulisugua kuta kwa brashi, kwa kuwa mayai yake hugandia ukutani na kumwaga maji peke yake hakuyatoi.

Siku hizi mita inasomwa kila Jumapili usiku na tena alfajiri ya Jumatatu, kaya kwa zamu. Tarakimu zinaandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa uani, za juma hili chini ya za juma lililopita, ili kila anayekwenda kukinga maji azione. Jumapili hii zamu ni ya chumba cha tatu. Yule mtoto wa nepi sasa anatembea, na mama yake ameniambia chaki imeisha, ananunua mpya.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam