Gia ya pili inayoruka mlimani: niliyojifunza baada ya kupasua injini mara tatu

Ndugu muulizaji, umesema pikipiki yako inaachia gia ya pili kila unapopanda mlima na mzigo, kwamba fundi amekwambia meno yamekwisha, na kwamba anataka kuyachomelea kisha ayasage yarudi katika umbo lake. Nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, kwa kuwa tatizo hilohilo lilinifanya nipasue injini moja mara tatu, na mara mbili za mwanzo nilikosea.

Kwanza tuelewane ni meno gani tunayoyasema. Katika giaboksi ya pikipiki, meno ya mzingoni ya kila jozi ya gia yameng'atana wakati wote, hata ukiwa katika nyutro. Unapokanyaga pedali, dramu ya gia (silinda yenye mifereji inayoongoza foki) inazunguka, foki (uma wa chuma unaoishika gia) inasukuma gia moja ambayo inateleza juu ya mifereji ya shafti, na meno yake mafupi ya ubavuni yanaingia katika matundu au katikati ya meno ya ubavuni ya gia jirani, ambayo hadi hapo ilikuwa ikizunguka bure. Hayo mafupi ndiyo yanayoshika na kuachia, na ndiyo yanayoisha. Gia ya pili huumia kuliko nyingine kwa sababu katika pikipiki nyingi, kutoka ya kwanza foki inalazimika kuvuka nyutro, mguu wa dereva mara nyingi haumalizi safari hiyo, na tofauti ya mwendo kati ya gia hizo mbili ni kubwa, basi meno yanagongana kona kwa kona kabla ya kuingia.

Kabla hujakubali injini ipasuliwe, mwambie fundi afungue kava la upande wa klachi aangalie mkono mdogo wenye springi unaoishikilia dramu isirudi nyuma. Springi ikilegea au ikikatika, gia itaruka ingawa meno ni mazima, na kazi hiyo huisha bila kugusa giaboksi. Mimi sikuangalia. Nilikimbilia kupasua.

Mara ya kwanza nilikuta kona za meno ya ubavuni zimeviringika. Ukiishika gia chini ya taa na kuigeuza polepole, kona nzima huonekana kama mstari mwembamba uliokatwa, na ukucha ukipita unakwama hapo. Kona iliyoisha hung'aa kama kioo na ukucha unateleza juu yake. Nilinunua gia mpya moja, nikairudisha pamoja na mwenzake wa zamani na foki ileile ya zamani, nikafunga. Miezi minne baadaye iliruka tena. Nilipofungua, ncha moja ya foki ilikuwa imegeuka rangi ya buluu na imeliwa upande mmoja, na nilipoilaza juu ya kioo ilicheza kama kiti chenye mguu mfupi. Foki iliyopinda haiisukumi gia hadi mwisho, kwa hiyo meno yanashikana kwa ncha tu, na kinachoshikwa kwa ncha huviringika haraka. Gia mpya ilikuwa imelishwa kwa foki mbovu.

Mara ya pili ndipo nilipokubali kuchomelea, kama unavyoshauriwa sasa. Gia za pikipiki hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni kidogo, kisha hupikwa katika joto la nyuzi 900 na zaidi za Selsiasi mahali penye kaboni nyingi hadi kaboni izame juujuu, halafu hupozwa ghafla. Matokeo yake ni ngozi ngumu sana, ambayo katika Rockwell C, kipimo cha ugumu wa chuma, hufika 58 hadi 62, na unene wake kwa kawaida hauzidi sana milimita moja, huku kiini kikibaki laini ili kivumilie vishindo. Moto wa kuchomelea unaiharibu ngozi hiyo pande zote za kiraka: pembeni kidogo panalainika, na palipopoa ghafla panakuwa pakavu kama chungu. Mkerezaji alinisagia meno mazuri ya kutazamwa, lakini nilipopitisha tupa, kwenye chuma cha zamani iliteleza kwa mlio wa kioo na kwenye kiraka ikauma. Jino moja lilipasuka kwenye mshono kabla sijafika kilomita elfu moja, na kipande kilipita katikati ya gia nyingine mbili. Inawezekana, kwa nadharia, kuipika gia upya baada ya kuchomelea, lakini inapinda, lazima isagwe tena kila upande, na ukishamaliza umetumia zaidi ya thamani ya gia mpya.

Kilichoniponya mara ya tatu ni kuyasaga meno ya ubavuni kinyumenyume, yaani uso wa jino unaobeba nguvu unanolewa uinamie ndani kuelekea shinani, kwa nyuzi 3 hadi 5, na uso wa gia inayopokea unanolewa kwa pembe hiyohiyo. Meno yaliyonyooka au yaliyoviringika yakibanwa yanasukumana yatoke. Yaliyokatwa hivi yakibanwa yanavutana yaingie zaidi, kama ndoano mbili. Foki nayo inapumzika, kwa sababu mzigo hauirudishi nyuma tena. Hesabu yake haiogopeshi: jino lenye kimo cha milimita 5 likikatwa kwa nyuzi 3, shinani linapungua takriban milimita 0.26, kwa hiyo bado uko ndani ya ngozi ngumu. Ikiwa ili kuifuta kona iliyoviringika unalazimika kuondoa nusu milimita au zaidi kwenye uso wote, iache gia hiyo, nunua jozi mpya, na uinoe hiyo mpya kabla ya kuifunga.

Kazi hii haifai kwa mkono na tupa. Inataka jiwe la kunolea, maji ya kupozea yasiyokatika, na kishikio cha kugawanya duara sawasawa, kwa maana kama gia ina meno matano na mawili tu ndiyo yanayogusa, hayo mawili yanabeba mzigo wa yote. Nilipaka wino wa buluu, nikazishikanisha gia mbili kwa mkono na kuzikaza kwa kuzungusha, nikaangalia alama: mara ya kwanza wino ulifutika kwenye meno matatu, tukarudi mashineni hadi ukafutika kwenye yote. Ukiona chuma kimegeuka njano au buluu wakati wa kunoa, joto limeshakilainisha na gia hiyo si ya kurudisha. Ubaya upo pia: gia itakuwa na mwanya zaidi, utasikia kishindo kidogo unapoachia na kuvuta mafuta, na kutoka katika gia huku umevuta kutakuwa kugumu.

Kuhusu kuimarisha meno ya mzingoni, kupigwa kwa punje ndogo za chuma zinazorushwa kwa kasi husaidia shina la jino lisipasuke kwa uchovu, ila hakulirudishii uhai jino lililojaa vishimo au lililomegeka. Gia yenye jino kama hilo hubadilishwa, pamoja na mwenzake.

Wakati wa kufunga, weka foki mpya au iliyopimwa unene kulingana na kitabu cha pikipiki yako, weka sirklipi mpya zote (pete za springi zinazozuia gia na washa zisihame kwenye shafti), na uziweke upande wenye ukali ukiwa mbali na mzigo na upande wa mviringo ukielekea kwenye washa. Hakikisha matundu ya oili ya bushi (bomba fupi linalokaa kati ya gia na shafti) yanaelekeana na ya shafti; bushi moja niliyoikosea iliungua ndani ya wiki moja, na sikuwa na mtu wa kumlaumu. Kisha, kabla ya kufunika kesi, zungusha dramu kwa mkono, gia moja baada ya nyingine, uangalie meno ya ubavuni yanaingia kwa kina gani. Yasipofika mwisho, rekebisha kwa washa za unene tofauti.

Nilibadilisha oili baada ya kilomita 500, nikatumia yenye alama ya JASO MA, yaani kiwango cha oili ya pikipiki ambazo klachi yake huoga ndani ya oili, ili klachi isiteleze, na kwenye sumaku ya boliti ya kumwagia nilikuta unga laini tu, bila vipande. Nikaacha pia tabia yangu ya kupumzisha mguu juu ya pedali, ambayo ilikuwa inaibana foki kwenye gia safari nzima. Gia hiyo ya pili bado inashika.