Hewa ya Dodoma si ya Dar

Mwaka wangu wa kwanza wa kupima mashine za eksirei nusura niiandike mbovu mashine iliyo nzima. Ilikuwa hospitali moja nje kidogo ya Dodoma. Chemba yangu, yaani kifaa cha kupimia mionzi, ilikuwa na cheti cha kalibresheni (kuhakikiwa usahihi wake) ambacho muda wake haujaisha, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Namba za mionzi zikatoka chini ya zinavyotakiwa kwa asilimia 12 na ushei. Nikaanza kuandika kwamba fundi aje aipandishe.

Kaka niliyesafiri naye akachungulia daftari. "Mgandamizo wa hewa umeandika 1,014. Umeutoa wapi?"

Nikamwambia kwenye simu, programu ya hali ya hewa. Akacheka.

"Hiyo hewa ya Dar, mdogo wangu. Huku tuko juu."

Kumbe programu nyingi za hali ya hewa zinatoa mgandamizo uliokwisha kurekebishwa kana kwamba mji uko usawa wa bahari. Dodoma iko mita 1,100 na ushei. Mgandamizo halisi wa pale chumbani hukaribia hektopaskali 887. Chemba iliyo wazi inapima chaji inayozalishwa kwenye hewa iliyomo ndani yake. Hewa ikiwa nyepesi chaji hupungua, mionzi ikiwa ileile. Namba ya kwenye cheti kwa kawaida ni ya nyuzi 20 na hektopaskali 1,013, kwa hiyo kazi ya kuzidisha ulichosoma ili kilingane na hali hiyo ni yako, na kwa huku kwetu mgandamizo peke yake unadai uzidishe kwa karibu 1.14. Fundi angeifuata karatasi yangu, wagonjwa wangekuwa wanapigwa dozi ya ziada bure.

Tembea na baromita yako, nayo ipelekwe kuhakikiwa kama chemba inavyopelekwa. Joto nalo usilidharau: ukitoka Manyoni chemba imelala kwenye buti la gari, iache chumbani nusu saa ipoe, maana tofauti ya nyuzi 10 inakula zaidi ya asilimia 3. (Wenye vipimo vya semikondakta, visivyotumia hewa, hili la mgandamizo haliwahusu, na wanapenda kutukumbusha.)

Kabla ya kutoka ofisini naipima pia chemba kwa chanzo kidogo cha mionzi, cha strontiamu-90, nalinganisha na mwezi uliopita.

Na juu ya safu ya mgandamizo kwenye daftari langu kuna maandishi ya wino mwekundu: "Ukiona elfu moja, rudia."