Anwani ya ns1 iandikwe kwa msajili pia

Simu ya kwanza iliingia saa moja asubuhi. Alikuwa mama mwenye nyumba ya wageni pale Area C, Dodoma: "Mwanangu, tovuti haifunguki, na hiki ni kipindi cha Bunge." Kufika saa nne walikuwa wamenipigia wateja sita. Usiku nilikuwa nimehamishia tovuti zao kwenye seva mpya na kuzima ile ya zamani. Rekodi zote nilizibadilisha isipokuwa moja, ile iliyoko kwa msajili wa domeni, yaani kampuni unayolipia jina la tovuti.

Wateja wangu wanatumia ns1 na ns2 za domeni yangu ya co.tz. Hizo ni seva za majina, mashine zinazojibu tovuti fulani iko kwenye anwani ipi. Yeyote anayehudumia tovuti za wengine namshauri afanye hivyo, maana siku ukihama kampuni unayokodi seva, mteja hagusi chochote. Kama una tovuti yako moja tu, tumia seva za majina za kampuni inayokuhifadhia. Zinatosha kabisa.

Ugumu uko hapa. Ili ns1.jinalako.co.tz ipatikane, inabidi iulizwe seva inayoijua jinalako.co.tz, nayo ndiyo hiyohiyo ns1. Ni kama mgeni ashuke stendi ya Nanenane, aulize kwa shangazi yake ni wapi, ajibiwe: kamuulize mwenyewe, yuko nyumbani. Ndiyo maana anwani ya IP ya ns1, yaani namba ya mashine hiyo mtandaoni, huandikwa ngazi ya juu, kwenye rejista ya .tz, daftari kuu la majina yote yanayoishia na .tz. Wewe unapitia kwa msajili uliyelipia domeni. Wasajili wengine wana sehemu ya kujaza kwenye akaunti yako. Kwa wengine itabidi uwaandikie barua pepe, uwape majina mawili na IP zake. Hii ndiyo rekodi ya gundi.

Fuata mpangilio. Seva yako ianze kujibu kwanza, iwe na rekodi A (zinazotaja IP ya jina) za ns1 na ns2 zenye IP zilezile utakazompa msajili, pamoja na rekodi NS (zinazotaja seva za majina za domeni). Fungua mlango namba 53, ambao maswali ya majina hupitia, kwa UDP na TCP pia, njia mbili za kusafirisha data. Ukifungua UDP peke yake, majibu marefu yatakwama. Kisha sajili gundi. Mwisho kabisa ndipo uielekeze domeni kwenye ns1 na ns2. Jaribu kwa amri ya dig +trace, inayoonyesha njia nzima ya swali kuanzia ngazi ya juu, halafu fungua tovuti kwa bando la simu, kwa sababu mtandao wa ofisini unaweza kuwa bado umeshika majibu ya jana.

Na tafadhali, usiweke ns1 na ns2 kwenye mashine moja. Mwongozo wa RFC 2182 wa mwaka 1997, mmoja wa nyaraka za kiufundi za intaneti, unataka ziwe sehemu tofauti, na naukubali kwa moyo wote: mashine moja ikizimika, majina yote mawili yanazimika nayo.

Muda wa rekodi zako, yaani muda ambao mitandao mingine hushika jibu kabla ya kuuliza upya, unaweza kuupunguza hadi sekunde 300 siku mbili kabla ya kuhama. Muda wa gundi huupangi wewe, kwa hiyo iache seva ya zamani iendelee kujibu kwa siku kadhaa. Hicho ndicho kilichoniokoa. Nilirekebisha gundi, nikaiwasha tena seva ya zamani, nikaiwekea anwani mpya za tovuti zote. Saa nane mchana mama wa Area C alinipigia kusema ameshapokea mgeni wa kwanza.