Kunguni wa Bweni Wasivuke Kizingiti

SWALI: Likizo iliyopita binti yangu alirudi kutoka bweni na kunguni, wakatusumbua miezi miwili. Shule inafungwa tena mwezi ujao. Nifanye nini wasiingie?

JIBU: Ndugu msomaji, kunguni hafuati uchafu bali damu, kwa hiyo usione aibu. Hana mabawa, huletwa na mizigo, hivyo mpokee binti uani, tranka na godoro vikiwa bado nje. Nguo na mashuka zifuliwe kwa maji ya moto yasiyopungua nyuzi 60, zikauke, kisha mishono ipigwe pasi. Tranka limwagie maji yanayochemka, hasa kwenye bawaba. Godoro ndilo lenye kazi: pitisha ncha ya kadi kwenye mshono wote huku ukimulika tochi, ukitafuta vidoa vyeusi kama vya wino, maganda ya kahawia na mayai meupe ya takriban milimita 1. Ukiyaona hayo, kwa maoni yangu, godoro lisiingie kabisa, kwa kuwa ukilianika kunguni hujificha upande wenye kivuli, na ukilifungia stoo anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Mafuta ya taa, ambayo majirani hawakosi kuyapendekeza, yanaweza kukuunguzia nyumba.