Maswali na Majibu: Hema la Naivasha

Tangu Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Naivasha, ihamishwe kutoka Juni hadi Machi mwaka 2024, nimemiminiwa maswali ya mahema. Nawaelewa, Machi ndipo masika yanapobisha hodi. Ila someni majibu ya wenzenu kwanza.

Nataka hema la bei ya chini kabisa, lisilovuja. Lipo?
Hayo ni mahema mawili. Chagua moja.

Muuzaji anaapa kwamba hema lake halipitishi maji. Nitajuaje?
Hakuna hema linalovuja likiwa dukani. Uliza kipimo cha kitambaa, kile cha milimita: ni kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kuanza kupenyeza. Paa lisipungue 1,500. Sakafu mimi nataka 3,000 na zaidi, maana ndiyo unayoilalia na kuipigia magoti, na tope liko chini yake. Kisha ligeuze ndani nje uone mishono. Isipobandikwa utepe, kila tundu la sindano ni bomba lako la usiku wa manane. Halafu kile kifuniko cha nje: kishuke hadi karibu na ardhi. Hivi vihema vilivyovishwa kikofia juu, kuta zikabaki uchi, ni vya watoto kuchezea uani. Nimeyasema haya mara ngapi?

La watu wanne litatutosha wanne?
Mkipangwa kama dagaa. Nunueni la sita. Mabegi nayo hulala.

Fito za faiba au za alumini?
Alumini. Faiba hupasuka, na upepo wa Bonde la Ufa haubembelezi mtu. Lakini hata alumini haitakufaa kitu ukiziacha kamba mfukoni, nami kila mwaka naona mahema yamesimama bila kamba hata moja. Vile vigingi vyembamba vinavyouzwa pamoja na hema havishiki kwenye lile vumbi laini. Tafuta virefu.

Hema la mwaka jana linanuka, na ndani linabanduka ngozi.
Ulilikunja likiwa bichi. Lijalo lianike kivulini mpaka likauke kabisa. Jua kali nalo hula kitambaa.

Jipya limetulowesha bila mvua. Nilirudishe?
Mwache muuzaji wa watu. Hizo ni pumzi zenu. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi, nanyi mkaziba kila tundu. Fungueni matundu ya hewa. Na wale wanaotaka kuingiza jiko la makaa ndani wapate joto: hapana, hata yakibaki makaa mawili. Sumu yake haina harufu; unalala, huamki. Nunua blanketi.

Tunaweza kukita hema ufukoni mwa ziwa, bure?
Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na hakuna milimita 3,000 ya kumzuia kiboko. Lipieni kambi yenye ua wa umeme.